Kabla Hujaenda Kuishi kwa Mkulima: Niliyoyaona katika Uanagenzi wa Kilimo cha Bayodinamiki

Usiku mmoja wa Novemba, katika mwaka wangu wa kwanza wa uanagenzi kaskazini mwa Ujerumani, mkulima aliyekuwa akinifundisha aligonga mlango wangu saa tano usiku na kuniambia nivae mabuti. Zizini alinionyesha ng'ombe aliyekuwa amezaa asubuhi ya siku hiyo, amelala, shingo ameikunjia ubavuni. "Shika masikio," aliniambia. Yalikuwa ya baridi kama chuma. Sikujua maana yake, ingawa nimezaliwa Rungwe katika nyumba ambayo haijawahi kukosa ng'ombe. Ilikuwa dalili ya kupungukiwa kalsiamu baada ya kuzaa. Daktari wa mifugo alifika, akampa dawa polepole kupitia mshipa wa shingo, na kabla ya saa saba ng'ombe alikuwa amesimama akitafuta majani.

Natanguliza kisa hiki kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu uanagenzi wa aina hii huanza na habari ya pembe. Wamesikia kwamba wakulima wa bayodinamiki hujaza pembe la ng'ombe samadi na kulizika ardhini, nao wanataka kujua kama ni uchawi. Habari ya pembe nitaifikia. Ninachotaka kieleweke kwanza ni kwamba mwanagenzi anayelala mjini na kufika shambani saa mbili asubuhi asingeyashika masikio yale. Kuishi shambani ndiyo shule yenyewe, na kwa hiyo unapochagua mahali pa kujifunza, unachagua nyumba ya kuishi kabla hujachagua shamba.

Kwa wasioifahamu, njia hii ilianza Juni 1924, wakati Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, alipotoa mihadhara minane kwa wakulima huko Koberwitz, karibu na mji ambao leo unaitwa Wrocław, nchini Polandi. Alifariki mwaka uliofuata, na kazi ya kuyajaribu mawazo yake mashambani ikabaki kwa wakulima wenyewe. Msingi wake ni kulichukulia shamba kama mwili mmoja: mifugo ile majani ya shamba, samadi irudi shambani, na kisinunuliwe kutoka nje isipokuwa kile ambacho kweli hakipatikani ndani. Mazao yake huuzwa kwa nembo ya Demeter, yenye masharti makali kuliko ya kilimo hai cha kawaida, yaani kile kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani. Mojawapo ni kwamba ng'ombe hawakatwi pembe.

Shamba langu la kwanza sikulichagua vizuri. Lilikuwa na picha nzuri, duka zuri na ekari nyingi za karoti, na mimi nikadhani ukubwa ni dalili ya elimu. Kwa wiki saba nililala kifudifudi kwenye mashine ya palizi, kitanda kimoja kati ya vitanda kumi vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, trekta ikitambaa kwa mwendo wa kobe huku mikono yetu ikining'inia chini na kung'oa magugu mstari kwa mstari. Palizi siidharau, karoti zisizopigwa dawa hazina njia nyingine, na jicho langu la kutofautisha mche wa karoti na gugu lenye majani mawili lilipatikana pale. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kitu kingine. Zizini sikuingia, mboji sikuigusa, na mwenye shamba nilizungumza naye mara tatu, mbili kati ya hizo zikihusu funguo. Tulikula peke yetu, vijana watupu, katika jengo la nyuma. Nilipouliza lini nitafundishwa, nilijibiwa kwamba kazi inafundisha. Inafundisha, lakini karoti hufundisha karoti.

Nilihama, jambo ambalo mpangilio wao unaruhusu; katika mafunzo haya ya Ujerumani, ambayo huchukua takriban miaka minne, mwanagenzi hutarajiwa kupita katika mashamba zaidi ya moja, na majira ya baridi hukusanyika darasani pamoja na wenzake. Mara ya pili niliuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza tangu mwanzo, nami nakusihi uyaulize kabla ya kukata tiketi.

La kwanza ni nani anakula mezani na nani. Linaonekana dogo, lakini katika shamba langu la pili mkutano wa kazi ulifanyika palepale penye mkate na chai, na nusu ya niliyojifunza kuhusu mzunguko wa mazao niliyasikia watu wakibishana huku wakipakaa siagi. La pili, omba kuzungumza na mwanagenzi aliyepo sasa, mwenye shamba akiwa mbali; muulize ni lini alipumzika Jumapili mara ya mwisho. Kisha taka maandishi: saa za kazi, posho baada ya kukatwa chakula na chumba, bima, siku za darasa, na ni nani atakufundisha ukamaji, nani trekta, nani kitalu. Mkulima mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Kama unaweza kwenda wiki moja ya majaribio, nenda. Wao wenyewe wameizoea, na wengi huitaka kabla ya kukubali mtu.

Lugha usiipuuze. Nilikwenda na Kijerumani cha ngazi ya B1, yaani ya kati, kinachotosha ubalozini, lakini fahali aliyekata kamba hasubiri utafute kitenzi, ambacho Kijerumani mara nyingi hukiweka mwisho wa sentensi.

Sasa pembe. Majira ya vuli tulijaza samadi mbichi katika pembe za ng'ombe na kuzizika. Majira ya kuchipua tulizifukua, na kilichokuwa kinyesi kilikuwa kimegeuka kitu cheusi, laini, chenye harufu ya udongo wa msituni. Kiasi cha konzi moja hutiwa katika pipa la maji ya vuguvugu na kukorogwa saa nzima: unazungusha upande mmoja mpaka maji yafanye shimo refu katikati, unavunja ghafla, unazungusha upande wa pili. Kisha jioni hunyunyiziwa ardhini kwa matone makubwa. Sikuamini kwamba konzi ile inabadili hekta nzima, na mpaka leo siamini. Lakini mwanagenzi asiyeamini na akakoroga vizuri anaheshimiwa kuliko anayeamini akakoroga kivivu, na ile saa moja ya jioni, watu wanne wakizunguka pipa bila simu, ndiyo niliyojifunzia mpango wa wiki nzima.

Ninachokiamini ni mboji. Nilifundishwa kupanga tabaka za samadi, majani makavu na udongo kidogo, kuliweka rundo chini ya kimo cha mtu, kuufanya unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa, na kuingiza mkono ndani kila asubuhi. Joto lipandapo mpaka nyuzi 60 mkono haukai. Utafiti wa Uswisi ulioanza 1978 huko Therwil, unaoendeshwa na FiBL, taasisi ya utafiti wa kilimo hai, pamoja na wenzake, unaolinganisha kilimo cha bayodinamiki, kilimo hai na cha mbolea za viwandani, umeonyesha kwamba njia mbili za kwanza zina mavuno pungufu lakini udongo wenye uhai zaidi; na taasisi ileile inaendesha majaribio ya muda mrefu ya kilimo hai Kenya, Thika na Chuka, tangu 2007. Anayesema mambo haya ni ya nchi za baridi pekee ayaangalie hayo.

Hata hivyo, si kila kitu kinasafiri. Huku Rungwe, nilikorudi kulima, mvua hunyesha kiasi kwamba rundo lisilofunikwa huoshwa rutuba yake yote mtaroni, kwa hiyo nafunika kwa majani ya migomba, tabaka nene. Ng'ombe wangu watatu wanaishi katika banda jembamba na kuletewa majani ya guatemala, na ndama wao nawachoma pembe zingali changa, kwa kuwa katika banda lile wenye pembe wangetoboana. Nembo ya Demeter sitaipata, wala siitafuti.

Mwezi wa Januari nilimpokea kijana wa kwanza anayetaka kujifunza kwa kuishi nasi. Chumba chake kiko hatua chache kutoka bandani, anakula na mama yangu na mimi, na tuliandikiana karatasi yenye saa za kazi na Jumapili moja ya mapumziko kila baada ya wiki mbili. Wakati wa kupanda viazi nilizila Jumapili zake mbili mfululizo, na ni mama aliyenionyesha ile karatasi ukutani bila kusema neno. Tumekubaliana nimrudishie siku hizo kabla ya kuvuna.