Jibu: Fundi na spea za HiAce kuukuu, Malindi

Kaka, umeuliza Malindi utapata wapi fundi na spea za HiAce yako iliyoungua gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na bloku), au uiuze tu. HiAce ya 1998 yenye injini ya 5L (hilo ni jina la injini ya dizeli ya Toyota, si lita tano) usiiuze kwa sababu ya gasketi hiyo tu. Injini hiyo ilifungwa kwenye Hilux pia, spea bado zipo. Fundi mtafute steji ya matatu za Mombasa: waulize madereva wanatengenezea wapi, maana gari ikilala gereji hawali. Hedi ikifunguliwa ipimwe kama imepinda kabla ya kufunga gasketi mpya. Fundi akisema si lazima, ondoka. Rejeta (inayopoza maji ya injini) nayo izibuliwe, la sivyo itachemsha tena. Spea ukiagiza Mombasa, tuma picha ya namba ya injini na ya chesisi (fremu ya gari). Mzigo utaletwa na matatu. Ila kwanza ingia uvunguni uangalie kutu (chumvi ya bahari hapa haina adabu). Chesisi ikiwa imetoboka, injini iache kwanza.