Kura ya mtandao na kura ya mtandaoni

SWALI: Natangaza katika redio ya jamii mkoani Kigoma, na habari za Ulaya huniangukia mimi kuzitafsiri. Juzi, katika makala kuhusu uchaguzi na teknolojia, niliandika: "Waestonia hupiga kura katika mtandaoni" na "Mahakama ya Romania ilifuta kura za mtandaoni." Mhariri alizikata zote mbili bila kunieleza. Nimekosea wapi?

JIBU: Sentensi ya kwanza ina kosa la sarufi tu. Kiambishi -ni cha "mtandaoni" kimeshafanya kazi ya "katika", kwa hiyo viwili hivyo havikai pamoja. Hakuna anayesema "nimekwenda katika sokoni", ila neno likiwa geni masikio hulegea. Na upatanisho wake ni wa mahali: mtandaoni kumejaa uvumi, si "mtandaoni imejaa".

Lakini hata ukiondoa "katika", mimi ningeandika "kwa njia ya mtandao". Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2005, Mwestonia akitaka huchomeka kitambulisho chake kwenye kisomakadi nyumbani, huingiza namba ya siri, humchagua mgombea na kutuma. Akighairi kabla muda haujaisha, hupiga tena, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Katika uchaguzi wa bunge wa 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo. Hapa mtandao ni chombo, na chombo katika Kiswahili hubebwa na "kwa": tunakata kwa kisu, tunasafiri kwa basi.

Sentensi ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu sarufi yake haina doa ila habari yenyewe si ya kweli. Msikilizaji wako ataelewa kwamba Waromania walipiga kura kwa simu. La hasha! Waliingia vituoni, wakapewa karatasi na mhuri, wakagonga. Kilichokuwa mtandaoni ni kampeni. Călin Georgescu, mgombea urais ambaye wachambuzi wengi hawakumtarajia, aliongoza duru ya kwanza ya Novemba 24, 2024 baada ya video zake kuenea mno TikTok. Mahakama ya Katiba ikaufuta uchaguzi mzima Desemba 6, siku mbili kabla ya duru ya pili, na siku chache baadaye Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ikaanza kuichunguza TikTok kwa Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja huo. Basi andika: "Mahakama ilifuta uchaguzi wa rais kwa sababu ya kasoro za kampeni, zikiwamo za mtandaoni." Ndefu, najua, lakini "kura za mtandaoni" ni kifupisho kinachopotosha.

Na usije ukakimbilia "kura ya maoni ya mtandaoni". Hilo ndilo baya kuliko yote. "Kura ya maoni" ni ile Waingereza waliyopiga mwaka 2016 kujitoa Umoja wa Ulaya. Pia ni utafiti wa kuwauliza watu wanamtaka nani. Na kwa Mtanzania ni mchujo wa wagombea ndani ya chama. Ukimaanisha utafiti, sema utafiti wa maoni.

Ukifika kwenye habari za Mpango wa Raia wa Ulaya, utaratibu wa raia kuiomba Kamisheni ipendekeze sheria, ulioanza 2012, utakutana na mtego mwingine. Raia wakikusanya saini milioni moja, nyingi zikiwa za mtandaoni, na kufikisha kiwango kilichowekwa katika nchi zisizopungua saba, Kamisheni hulazimika kuwajibu. Hailazimiki kutunga sheria. Kwa hiyo wale zaidi ya milioni moja na nusu waliodai haki ya maji "hawakulipigia kura" dai hilo, kama nilivyosoma mahali. Walilitia saini. Anayepiga kura huamua, anayetia saini huomba, na kitenzi kikikosewa, Kamisheni itaonekana imewadhulumu watu ambao sheria haikuwapa uamuzi huo.

Vitabuni utaona pia "sahihi milioni moja", na si kosa. Hewani lakini tumia "saini", kwa kuwa msikilizaji hana maandishi mbele yake, na "wamekusanya sahihi" ikimpita haraka atabaki akijiuliza ni kipi hicho kilichokusanywa kwa usahihi.