Je, unga wa mwani huongeza kinga na kuua saratani?

SWALI: Mimi ni mkulima wa mwani Jambiani, Unguja. Kikundi chetu cha akina mama kimeanza kusaga mwani wa spinosamu na kuuza unga wa kutia kwenye uji na juisi. Kijana anayetutengenezea lebo ametuletea maneno aliyoyaokota mtandaoni: “Una fukoidani, huongeza kinga ya mwili na kuua seli za saratani.” Baadhi yetu tunayataka kwa kuwa yatavuta wateja, wengine tunaogopa. Tena kuna mteja anayetibiwa saratani ya titi ambaye ameuliza kama anaweza kuutumia. Tuandike nini, na yeye tumjibu nini?

JIBU: Mama, maneno hayo msiyaandike, na sababu ya kwanza ni nyepesi: fukoidani, aina ya sukari changamano ya mwani, haimo katika mwani mnaolima. Hupatikana katika mwani wa rangi ya kahawia, kama vile kombu, wakame na mozuku zinazoliwa Japani, na mwanasayansi wa Sweden, Harald Kylin, ndiye aliyeitenga mara ya kwanza mwaka 1913. Spinosamu, pamoja na kotonii, ni katika jamii ya mwani mwekundu, hata ukiuona kijani au kahawia ukiwa bado kwenye kamba, na kinachotafutwa na viwanda ndani yake ni karajinani, ile inayofanya uji wenu uwe mzito.

Habari za fukoidani zenyewe hazikutungwa. Katika maabara, seli za saratani zilizowekewa fukoidani zimeonekana kujiua zenyewe. Katika panya, uvimbe umepungua kasi ya kukua, na seli za kinga zenye kazi ya kumeza vijidudu na kuangamiza seli zilizoharibika zimechangamka. Lakini seli zilizo katika kisahani cha maabara hazina njia ya kukwepa kinachomiminwa juu yake (hata chumvi ikizidi itaziua), ilhali fukoidani inayoliwa ni molekuli kubwa ambayo ni kiasi kidogo tu kinachopenya utumbo na kuingia katika damu. Majaribio kwa wagonjwa ni machache na madogo, na hayajaifanya kuwa tiba iliyothibitishwa ya saratani.

Karajinani ya spinosamu nayo ina sifa yake: huzuia baadhi ya virusi kujishika kwenye seli, na imejaribiwa kwa watu wenye mafua. Hata hivyo, iliyojaribiwa ilisafishwa na kupuliziwa puani; haikunywewa katika uji.

Wanaotoa mfano wa Wajapani, kwamba hula mwani mwingi na wana afya njema, husahau upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliona kwamba wanawake wa Japani waliokula mwani karibu kila siku, hasa waliokwisha koma hedhi, walipata aina moja ya saratani ya tezi ya shingo zaidi ya waliokula mara chache. Watafiti waliyashuku madini joto (ayodini) yaliyomo katika mwani. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 150 kwa siku, na gramu moja tu ya kombu kavu inaweza kuwa na zaidi ya 2,000. Spinosamu si kombu, lakini ninyi hamwezi kujua unga wenu una kiasi gani mpaka upimwe. Basi pelekeni sampuli maabara kabla ya kuchapisha lebo.

Katika lebo, andikeni aina ya mwani, mahali ulipolimwa, tarehe ya kusagwa, kipimo cha kijiko kwa kikombe, na kwamba ni chakula chenye nyuzinyuzi na madini. Kiasi cha madini joto kiandikwe baada ya majibu ya maabara, na maneno yote yapitishwe kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Mteja wenu mwambieni asianze kuutumia kabla hajamwonyesha paketi daktari anayemtibu, na asiache wala kuahirisha dozi yake hata moja kwa ajili ya unga huo. Muulizeni pia kama ana tatizo la tezi ya shingo. Na kama ameagiziwa vidonge vya fukoidani kutoka nje, daktari ajulishwe mapema, hasa ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu fukoidani nayo huzuia damu kuganda.