Mwaka mmoja Japani: usisubiri kufika ndipo uanze

Mdogo wangu, umeuliza kama usubiri ufike Japani ndipo uanze Kijapani, maana chuo kimekupa mwaka mmoja tu. Usisubiri, nakusihi. Hiragana na katakana, aina mbili za herufi za Kijapani zinazoandika sauti, zina herufi za msingi 46 kila moja. Zimalize kabla ya kupanda ndege. Matamshi hayatakusumbua sana, irabu zao ni tano kama zetu. Kazi ipo kwenye kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina zinazobeba maana: zile za matumizi ya kawaida tu ni 2,136.

Siku zangu za mwanzo, mhudumu wa duka alishika chakula changu akauliza, "Atatamemasu ka?" Nikakosa la kujibu. Kumbe anauliza kama anipashie moto! Iliniuma, kwani darasani nilikuwa nafaulu. Hata JLPT, mtihani wa kupima kiwango cha Kijapani, hauna sehemu ya kuzungumza, kwa hiyo cheti hakitakuonyesha kama ulimi umefunguka.

Ukiomba kibali, viza ya mwanafunzi inakuruhusu kibarua hadi saa 28 kwa wiki wakati wa masomo. Tafuta cha kuhudumia wateja, si cha kuosha vyombo peke yako jikoni. Na bweni, omba lenye Wajapani.