Tandiko la chatu: niliacha maranda, nikarudi kwenye magazeti

Masika ya kwanza tangu tuanze kufuga, nilimgeuza chatu wetu jike nikakuta magamba matatu ya tumboni yameharibika: kingo zimekuwa za kahawia, katikati pamevimba, ukigusa panatoa majimaji. Nilikuwa nimemtandikia maranda ya bure ya mafundi seremala wa Igoma, hapa Mwanza. Juu yalikuwa makavu kabisa. Nilipotia mkono chini, yamelowa na yananuka mkojo.

Liliniuma sana. Chatu huyu ni wa kikundi chetu cha ngoma (tunaye kwa kibali, na wewe ukifuga usikose kibali), na siku za Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma pale Bujora, hulala mabegani mwa wachezaji kwa lile lile tumbo.

Maranda yana tatizo jingine: rundo la seremala huchanganya miti yote, na mbao zenye mafuta ya harufu kali, kama mwerezi, zinamuumiza nyoka mapafu. Pumba za mpunga ni rahisi kupata mashineni, ila zina vumbi, na zilimganda mdomoni alipokuwa anameza panya. Sikuzirudia.

Sasa natandika magazeti ya zamani, yale yanayouzwa kwa kilo kwa wafunga vitumbua. Karatasi sita juu ya kipande cha kapeti la plastiki. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachojificha. Akichafua naona papo hapo kinyesi cheusi na lile donge jeupe kama chokaa, ambalo ndilo mkojo wake. Nakunja, natupa, natandika upya. Hata utitiri nimewahi kuugundua hivyo, vidoa vyeusi vinatembea kwenye karatasi.

Kapeti kata vipande viwili, kimoja kikiwa juani kingine kiwe kazini. Osha kwanza kwa sabuni, kisha dawa ya klorini ya maji, ile ya kung'arishia nguo, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, halafu suuza hadi harufu iishe. Usimwagie klorini juu ya mkojo, inatoa hewa ya sumu. Na usioshee jikoni. Nyoka hubeba salmonela.

Gazeti halitunzi unyevu. Macho yake yakianza kuwa na ukungu, ujue anakaribia kujivua gamba: mwekee boksi lenye kitambaa kibichi aingie mwenyewe.

Jike wetu alitibiwa na daktari wa mifugo, akajivua mara mbili, magamba mawili yakarudi sawa. La tatu limebaki na kovu.