Jibu: Vyakula vya baharini kwenye meli ya kitalii

Dada, umeuliza kama wiki nzima melini huko Alaska, Marekani, mtakula kamba koche na kaa mpaka mchoke, kwa nauli mliyokwisha lipa. Mtakula, ila si kila siku.

Kwenye ukumbi mkuu wa chakula, karibu kila jioni kuna samaki mmoja, mara nyingi samoni, na kamba wadogo wa baridi kwenye glasi na sosi nyekundu. Hao hawakosekani. Kamba koche kwa kawaida huja usiku mmoja tu, ule wa kuvaa rasmi, na huja mkia peke yake: gamba limepasuliwa juu, nyama imetolewa nje, siagi ya moto kwenye kibakuli pembeni. Ukitaka wa pili muulize mhudumu kwanza, maana baadhi ya meli hutoza sahani ya ziada. Ile migahawa maalumu ya ndani ya meli kwa kawaida hulipiwa kivyake.

Jambo lililonishangaza mimi mtoto wa pwani: uko katikati ya bahari, lakini samaki wengi wanatoka kwenye friza. Meli haivui, hupakia bandarini chakula cha maelfu ya watu. Kome nilioonja huko walikuwa kama mpira.

Kwa hiyo msile kaa melini. Mkitia nanga Juneau au Ketchikan, bandari za Alaska, shukeni mkale huko. Miguu ya kaa mfalme ina urefu wa mkono wako, wanakukatia kwa mkasi. Bei inauma, lakini agizeni sahani moja mgawane.

Una mzio? Waambie wenye meli mapema, kabla ya safari.