Nguruwe wa Bi Sherman

Mmeuliza wiki hii: serikali ya Marekani ilizaliwa Philadelphia mwaka 1787, au ilitoka London ikiwa imekwishaiva? Mimi naanza upande wa London, na ushahidi upo. Marekebisho ya 8 ya Katiba yao, yanayokataza dhamana ya kupindukia na adhabu za kikatili, yamenakiliwa karibu neno kwa neno kutoka Sheria ya Haki ya Uingereza ya 1689.

Lakini linaloniwasha ni jingine: kwa nini Bunge lao lina mabaraza mawili yanayokwamishana? Wengi hujibu upesi kwamba waliiga Mabwana na Makabwela, mabaraza mawili ya Bunge la London. Jibu hilo linamruka nguruwe.

Boston, katika koloni la Waingereza la Massachusetts, 1636. Nguruwe jike aliyepotea aliishia kwa mfanyabiashara Robert Keayne. Keayne akamtangaza hadharani. Karibu mwaka mzima hakupatikana mwenyewe. Alikuwa na jike wake mwingine, akamchinja. Ndipo akaja Bi Sherman, ambaye mumewe alikuwa Uingereza. Akamtazama yule wa kuokotwa, akasema huyu siye. Wangu ndiye uliyemchinja. Wazee wa kanisa wakamsafisha Keayne. Mwaka 1640 mahakama ikamsafisha tena na kumpa pauni 3 za gharama. Hakutosheka: akamshtaki mama wa watu kwa kumchafulia jina, akapewa pauni 20. Watu wakachukia, hasa kwa kuwa mwaka 1639 Keayne alikuwa ametozwa faini kwa ulanguzi.

Mwaka 1642 shauri likafika Mahakama Kuu ya koloni, ambayo licha ya jina lake ndiyo iliyotunga sheria. Mahakimu 9 na wajumbe 30 wa miji walilisikiliza siku 7. Upande wa mama: mahakimu 2, wajumbe 15. Upande wa Keayne: mahakimu 7, wajumbe 8. Wajumbe 7 hawakuegemea popote. Ukizijumlisha kura, mama kashinda 17 kwa 15. Ukizitenga, mahakimu wamekataa. Nao mahakimu, gavana John Winthrop akiwatetea, wakashikilia kuwa bila ridhaa yao hakuna uamuzi. Ubishi huo ulikuwepo tangu 1634, nguruwe aliuchokoza tu. Ila mwaka 1644 wakatengana, kila upande ukae peke yake na lisipite jambo bila ridhaa ya pande zote mbili.

Sasa, mahakimu hao hawakuwa Mabwana wa kurithi vyeo. Walikuwa bodi ya kampuni. Hati ya kifalme ya 1629 iliipa Kampuni ya Massachusetts Bay gavana, naibu wake, wasaidizi 18, na mikutano mikuu minne kwa mwaka. Haikusema mikutano ifanyikie London, basi mwaka 1630 wakapanda meli na hati yao kwenda Amerika. Huko wasaidizi wakageuka mahakimu, na wanahisa wakageuka raia wapiga kura.

Hata kura ya turufu ya rais haikutoka moja kwa moja London. Huko wa mwisho kukataa muswada ni Malkia Anne, 1708. Makoloni ndiko magavana walikoendelea kuzuia sheria, na lalamiko la kwanza kabisa katika Azimio la Uhuru la 1776 ni kwamba mfalme amekataa kuridhia sheria. Miaka 11 baadaye wakamkabidhi rais silaha ileile, ila theluthi mbili ya kila baraza waweze kuishinda.

Kwa hiyo nahama London niliyoanzia. Kura yangu naipeleka Boston, 1644. Naipeleka kwa wasiwasi, maana hati ile ya kampuni ilitolewa na Mfalme Charles wa Kwanza, na Pennsylvania, koloni la Waingereza vilevile, iliendelea na baraza moja hadi 1790. Na jengo walimoandikia Katiba ya mabaraza mawili, kule Philadelphia, lilikuwa la serikali ya Pennsylvania.